Hesabu ya Wafalme Saba katika Kitabu cha Beda

Wengi wetu tunaofundisha tarikhi ya Kanisa hukichukua kitabu cha Beda, kile cha habari za Kanisa la Waangli alichokimaliza mwaka 731 katika monasteri ya Jarrow, tukakieleza darasani kana kwamba fundisho lake ni moja tu: mfalme akimcha Mungu hushinda, asipomcha huanguka. Beda mwenyewe ametoa sababu ya kusomwa hivyo, maana katika dibaji amwambia Ceolwulf, mfalme wa Northumbria aliyepelekewa kitabu, ya kwamba mwenye kusikia habari za watu wema huvutwa kuwafuata. Walakini usomaji wa namna hiyo unakidhulumu kitabu. Ndani yake mna vipimo viwili vya ufalme, kimoja cha nguvu na kimoja cha unyenyekevu, na Beda, kwa kuwa alikuwa mwandishi mwaminifu, hakuvilazimisha vipatane.

Tutazame kwanza kipimo cha nguvu. Katika kitabu cha pili, mlango wa tano, ataja wafalme saba ambao enzi yao ilivuka mipaka ya makabila yao: Aelle wa Wasaksoni wa Kusini, Ceawlin wa Wasaksoni wa Magharibi, Aethelberht wa Kent, Raedwald wa Waangli wa Mashariki, kisha Edwin, Oswald na Oswiu, wote watatu wa Northumbria, nchi ya Beda. Wawili wa kwanza walikuwa wapagani. Raedwald alibatizwa huko Kent, akarudi kwao, akaweka katika hekalu moja madhabahu ya Kristo na kando yake madhabahu ndogo ya mashetani. Beda amlaumu sana, wala hamwondoi katika hesabu. Basi hesabu hii si ya watakatifu. Tena si ya wenye nguvu wote. Penda wa Mercia, mpagani, aliyekuwa upande wa adui Edwin alipouawa mwaka 633, na ambaye watu wake walimwua Oswald mwaka 642, hayumo. Aethelbald, wa Mercia vile vile, naye hayumo, ingawa karibu na mwisho wa kitabu Beda akiri ya kuwa wakati ule alipokuwa akiandika nchi zote za kusini ya mto Humber zilikuwa chini yake. Naona hapa upendeleo wa mtu kwa nchi yake, nao si haba.

Kipimo cha pili chaonekana katika habari za Oswine, aliyetawala Deira, sehemu ya kusini ya Northumbria. Alimpa Askofu Aidan farasi mzuri wa kuvukia mito. Aidan akakutana na maskini, akashuka, akampa farasi yule pamoja na matandiko yake ya kifalme. Walipokuwa wakienda kula, mfalme alimwuliza kwa nini asitoe farasi mwingine wa thamani ndogo. Aidan akamjibu kwa kumwuliza kama mwana wa farasi jike alikuwa na thamani kwake kuliko yule mwana wa Mungu. Mfalme alisimama akiota moto, maana alikuwa ametoka kuwinda, akawaza, kisha akaufungua upanga wake, akampa mtumishi, akapiga magoti miguuni pa askofu akiomba radhi. Yeye akarudi mezani kwa furaha, bali Aidan akaanza kulia. Kasisi wake alipomwuliza sababu, Aidan akamjibu kwa lugha yao ya Kiairishi, ambayo mfalme na watu wa nyumba yake hawakuijua, ya kwamba mfalme huyu hataishi siku nyingi, kwa kuwa taifa lile halikustahili mtawala mnyenyekevu kama yeye.

Na ni nani aliyemwua? Si mpagani. Ni Oswiu, wa saba katika hesabu ile ile, Mkristo, ndugu ya Oswald. Mwaka 651 Oswine aliona jeshi lake ni dogo, akalivunja ili watu wasife bure, akajificha katika nyumba ya mtu aliyemdhani kuwa rafiki. Mtu huyo akamsaliti. Siku ya kumi na mbili baada yake Aidan naye akafa. Baadaye monasteri ilijengwa mahali pale, huko Gilling, ili wafalme wote wawili waombewe, aliyeuawa na aliyeamuru auawe. Beda ayaita mauaji yale maovu, akaendelea kumhesabu Oswiu miongoni mwa wakuu. Mwalimu akiisoma sura hii hawezi tena kusema ya kwamba mwema hushinda. Oswine alikuwa mwema, akashindwa, na wema wake ndio uliomtangulia Aidan kuwa dalili ya kifo.

Ili tuelewe kwa nini Oswiu alimwogopa mtu mpole namna hii, neno lenyewe latusaidia. Waingereza wa kale walimwita mfalme *cyning*, neno litokalo katika *cynn*, yaani ukoo. Kila mtu wa ukoo wa enzi aliweza kuwa mfalme, na kwa hiyo kila mmoja alikuwa hatari kwa mwenziwe. (Wafasiri nao wajihadhari. Mfalme Cenwalh wa Wasaksoni wa Magharibi alipokufa, Beda asema nchi iligawanywa na watawala wadogo, *subreguli*, kwa miaka kama kumi. Kuwaita hao “wafalme” tu ni kupoteza habari. “Majumbe” ni karibu zaidi.)

Lililo baya zaidi liliipata hesabu ya Beda mikononi mwa wengine. Waandishi wa Tarikhi ya Waanglo-Saksoni, iliyokusanywa katika enzi ya Mfalme Alfred wa Wessex, karibu na mwaka 890, waliichukua hesabu ile saba kwa saba, wakamwongeza wa nane, Egbert, babu yake Alfred, kwa sababu mwaka 829 aliishinda Mercia. Wakamwita *bretwalda*, mtawala wa Britania. Katika nakala nyingine neno hilo limeandikwa kwa tahajia ambayo wengine huifasiri mtawala wa nchi pana. Aethelbald wakamruka. Offa, aliyetawala Mercia tangu 757 hata 796 kwa nguvu iliyojulikana mpaka kwa Karolo Mkuu, naye wakamruka. Hivyo mia na zaidi ya miaka ya ukuu wa Mercia ikatoweka katika mstari mmoja, na kwa Oswine hapakuwa na nafasi kabisa, maana kipimo chake hakikuchukuliwa. Nao hawakuweza kuficha kila jambo: chini ya mwaka uliofuata Tarikhi hiyo hiyo yasema ya kwamba Wiglaf alipata tena ufalme wa Mercia.