Mstari wa Nta

Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikishavuka nyika ya Mgunda Mkali, iliingia Unyamwezi kwa mlango wa Tura. Wapelelezi Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Leo ni kituo cha reli ya kati, na miombo ya pembeni bado inalea nyuki. Mfugaji mwenye mzinga wa kisasa hupanga juu yake vijiti vyenye upana wa milimita 32, kisha chini ya kila kijiti, katikati, hupaka mstari mwembamba wa nta. Basi. Nyuki wenyewe watashusha sega kufuata mstari. Pasipo mstari huo hujenga mshazari, sega moja likashika vijiti vitatu, na siku ya kurina inakuwa ya visu na asali kumwagika.

Watengenezaji wa chipu za kompyuta nao wana mstari wao. Huunganisha minyororo miwili ya polima isiyopatana, ncha kwa ncha. Ikipashwa moto, kila mmoja humkwepa mwenziwe, lakini hauendi mbali kwa kuwa umefungwa naye. Ndipo minyororo hujipanga kuwa milia yenye upana wa makumi machache ya nanomita, na milimita moja ina nanomita milioni. Urefu wa mnyororo ndio unaoamua upana wa mlia. Fundi huweka alama za kuiongoza tu, na uzuri wa kazi yake uko katika uchache wa alama hizo.

Ufundi huu unamdai mengi msanifu wa kompyuta, na hapo ndipo ninapoupenda zaidi. Vitu vinavyojipanga hupenda marudio: milia, vitundu, safu. Havifuati kila kona ya mchoro, na hapa na pale hukosea. Basi msanifu hana budi kuchora gridi inayojirudia na kuzitarajia kasoro tangu mwanzo. Wahandisi wa Hewlett-Packard walitangulia kuonyesha njia kwa Teramac, kompyuta waliyoieleza mwaka 1998. Chipu zake zilitengenezwa kwa njia ya kawaida, lakini nyingi zilikuwa mbovu. Kasoro zilifika kama 220,000, na yoyote kati ya hizo ingeweza kuiua kompyuta ya kawaida. Waliipima Teramac kwanza, wakaandika mahali pa kila kasoro, kisha programu zikapangiwa njia zisizo na kasoro pekee. Kwa baadhi ya kazi, ilizishinda kwa kasi mara 100 kompyuta bora za prosesa moja za wakati huo.