Tao la Mgeni Asiyefika

Leso ilikuwa ya rangi ya machungwa na nyeusi, na mji wake umechorwa Pembe za Moi Avenue. Nilikuwa Biashara Street, Jumamosi, saa zile ambazo huwezi kupita bila kukanyagwa, nikimtafutia mamangu leso ya kwenda nayo harusini. Mwenye duka akaitandaza juu ya meza, akaipiga kofi moja kutoa mikunjo.

"Hizi Pembe za Kwini," akasema. "Alijengewa alipokuja Mombasa, hamsini na mbili."

Bibi mmoja aliyekuwa akipekua leso kando yangu hakuinua hata kichwa. "Kwini hakuja, mwanangu. Alokuja ni Margaret, nduguye. Mamangu akitusimulia kila siku."

Kijana wa mkokoteni aliyesimama mlangoni akingoja mzigo naye hakutaka kupitwa. "Hizo ni M bana. M ya Mombasa. Simama kule barabarani uangalie vizuri."

Nikanunua leso. Ugomvi nikapewa bure.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiusoma ugomvi huo kama unavyosoma shairi lenye matoleo matatu. Tunajua kufanya hivyo, hasa hapa mjini. Mashairi ya Muyaka wa Mvita yaliokotwa midomoni mwa watu na Mwalimu Sikujua, na hakuna mtu mwenye akili anayeyatupa kwa sababu yalipitia midomoni. Unachofanya ni kulinganisha: toleo hili linasema nini, limetoka kwa nani, na nani anafaidika likisimama hivyo lilivyo. Sielewi kwa nini tunafanya hivyo kwa beti, halafu tukifika kwenye kitu kikubwa kuliko nyumba, kinachopigwa picha kila dakika, tunakubali sentensi ya kwanza tuliyopewa.

Sentensi yenyewe utaikuta kwenye maelezo ya watalii, chini ya picha, na kwa waongozaji wa pale mbele ya Fort Jesus: Pembe zilijengwa mwaka 1952 kukumbuka ziara ya Malkia Elizabeth mjini Mombasa. Fupi, safi, na ina makosa mawili kabla hujafika kwenye nukta. Elizabeth alitua Nairobi tarehe 1 Februari 1952 akiwa bado binti mfalme. Yeye na mumewe Philip wakaenda Sagana, na usiku wa kuamkia tarehe 6 wakalala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kule Aberdare. Usiku huo babake, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza. Habari zikamkuta Sagana. Siku hiyohiyo akapanda ndege Nanyuki, akapitia Entebbe, akarudi kwao akiwa malkia. Na ile meli ya Gothic iliyokuwa imchukue kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, na kuendelea hadi Australia na New Zealand, ilikuwa inamngoja wapi? Mombasa. Mji ulikuwa umejiandaa, meli imetia nanga, mgeni hakutokea.

Kwa hiyo bibi wa Biashara Street alikuwa na haki. Anayesema Pembe ni kumbukumbu ya Malkia kuja Mombasa mwaka huo, anakumbuka jambo ambalo halikutokea.

Lakini tusimcheke mwenye duka haraka. Tao hujengwa kabla mgeni hajafika, vinginevyo la nini? Ukikulia Pwani umeona: kuna harusi, au kiongozi anakuja kufungua zahanati, vijana wanakata makuti mabichi, wanayapinda na kuyafunga juu ya njia, wanachomeka maua ya jirani bila kumuuliza. Mgeni akishapita, au asipopita, makuti yanakauka na mtu anayachukua kuwasha moto. Hakuna anayeyaita mnara wa kumbukumbu. Nadhani kosa kubwa la ile sentensi liko hapo, kwenye neno "kukumbuka", kuliko kwenye tarehe. Pembe zilizaliwa kama pambo la mapokezi. Ni tao ambalo hakuna aliyelibomoa siku ya pili yake, likakaa, likapakwa rangi, likapakwa tena, watoto wakazaliwa wakalikuta, na sisi tukaanza kuliheshimu kwa sababu ya umri wake.

Toleo la pili, la Margaret, lina nguvu kwa sababu rahisi: yeye alifika. Septemba 1956 Mombasa ilimpokea mdogo wake Malkia, mwanzoni mwa ziara yake ya Afrika Mashariki. Waliopanga njiani walimwona kwa macho.

Halafu lipo toleo la tatu, la wapatanishi. Wanasema za kwanza, za 1952, zilikuwa jozi moja tu, za mbao na turubai, kazi ya muda. Kisha kwa ajili ya Margaret zikatengenezwa za aluminiamu, na barabara ilipokuwa ya njia mbili zikawa jozi mbili. Toleo hili linanipendeza sana, na ndiyo sababu nalitilia shaka. Linampa kila mtu haki yake, hakuna anayeondoka amenuna, na historia ya mji huu haina tabia hiyo. Hata hivyo ndilo pekee linaloeleza kwa nini watu wazima wawili, waliosikia habari kwa wazazi wao, wanaweza kutaja tarehe mbili na wote wasiwe waongo. Mpaka mtu aniwekee picha mezani, nipo na toleo hili, shingo upande.

Na likiwa kweli, tazama linamfanyia nini kijana wa mkokoteni. Jozi moja ya pembe zilizokutana juu haitoi M. Ukiwa na haraka utasema ni A. M inahitaji pembe nne, jozi kando ya jozi. Herufi ambayo leo tunaambiwa ndiyo maana ya kitu chote ingekuwa imezaliwa na upanuzi wa barabara.

Siidharau M. Ni usomaji mzuri kwa namna yake: watu wamekuta kitu kilichojengewa wageni, barabara ikiitwa bado Kilindini Road, na wamekisoma upya kiwe chao bila kumwomba mtu ruhusa. Umesimama pale na marafiki, simu juu, mmoja anasema "tokeni matatu inakuja", na kwenye picha mnatoka nyinyi na herufi ya mji wenu. Nani atamkumbuka Margaret hapo? Bahati nzuri hata Mvita inaanza na M, kwa hiyo wazee nao hawakosi. Kinachonisumbua ni kwamba M inapendwa sana na watu wa matangazo. Herufi haina damu. Ukishasema ni herufi, huulizi tena kwa nini ni pembe.

Basi tuulize. Ungetaka kumkaribisha mgeni Mombasa, ungeweka nini? Jahazi. Mnazi. Siwa, ile baragumu kubwa ya watawala wa Pwani, ambayo nyingine ilichongwa kwa pembe ya ndovu na ingekuwa na adabu zaidi. Waliochagua wakachagua pembe ghafi, kama zinavyotoka kwenye kichwa cha mnyama, zikasimamishwa mbili mbili kama mwindaji anavyozipanga ukumbini kwake apigwe picha katikati. Ndovu waliishi bara. Mombasa ilizijua pembe kama mzigo: karne ya 19 zilishushwa hapa na misafara ya Wakamba, na baadaye serikali ya kikoloni ikawa na ghala lake la pembe humu kisiwani, ikiziuza kwa mnada. Ukipita chini ya lile tao unapita chini ya bidhaa. Sijui neno la upole zaidi la kuliita.

Na kama tunachukua mwaka 1956, tuuchukue wote. Mwaka huo hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Oktoba 1956, mwezi mmoja tu baada ya Margaret kutua Mombasa, Dedan Kimathi alikamatwa. Na ukitoka penye Pembe ukaenda kwa miguu hadi ufukweni, Fort Jesus, ambayo leo unalipa kiingilio kuingia, ilikuwa jela. Ilikuwa jela tangu 1895, na ikabaki hivyo hadi 1958. Upande mmoja wa mji tao jeupe la karibu, upande wa pili watu wamefungiwa ndani ya kuta za Wareno. Sijawahi kumsikia mwongozaji akiyaweka haya mawili kwenye hadithi moja, ingawa kwenye matembezi huyaonyesha siku moja, na kati yake mnasimama kunywa madafu.

Nililifikiria hili nikitoka Biashara Street kwa miguu siku hiyo, leso kwenye mfuko. Unatokea Digo Road, unapita kelele za Marikiti, unafika Moi Avenue, unaambaa na maduka hadi Uhuru Gardens. Ukizikaribia Pembe unaona kitu ambacho kwenye picha hakionekani: mabati yameungwa vipande vipande. Kuna viungo. Kuna mahali mtu alipinda, akapima kwa jicho, akapinda tena ili mviringo ukae. Nimefanya kazi wiki mbili kwenye karakana ya mjomba, nikafukuzwa kwa haki kabisa, na najua kiasi cha kutosha kusema kwamba kupinda bati likawa nyembamba juu na nene chini, mara nne, zote zilingane, si kazi ya mtu mmoja wala si kazi ya siku moja. Walikuwa watu hapa. Walikuwa na majina, na pengine walikuwa na deni kwenye duka la mtaa huuhuu nilikonunua leso.

Matoleo yetu yote matatu hayawataji. La kwanza linamtaja dada, la pili mdogo mtu, la tatu linawagawia dada hao wawili, na M haimtaji mtu yeyote. Tumegombana miaka sabini kuhusu nani alipita chini, na kila upande unaposhinda hadithi inabaki ya mpitaji. Bibi wa dukani alimsahihisha mwenye duka, nami nilifurahi, lakini alichosahihisha ni jina la mgeni.

Mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka 2016 tani 105, dunia nzima ikitazama. Baadhi ya wasomaji wamewahi kuniuliza kama hizi za Mombasa nazo ziangushwe, kwa sababu ya ndovu, au kwa sababu ya ukoloni. Mimi nasema zikae. Ziondoke zile sentensi zilizoandikwa juu yake. Ningependa mahali pa "zilijengwa kukumbuka ziara ya Malkia" paandikwe ukweli ulio mbaya kwa matangazo: kwamba mji uliandaa mapokezi, kwamba mgeni mmoja hakufika na mwingine alifika, kwamba bandari hii iliuza pembe, kwamba mafundi wa mabati walizifanya, na majina yao bado yanatafutwa.

Bado yanatafutwa, nasema, ingawa sina hakika kama kuna anayeyatafuta. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi reli, bandarini, au kwa makontrakta wa Kihindi miaka ile, muulize kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Muulize pia kama kuna picha ya jozi moja.

Mamangu aliipenda leso. Kabla ya kuikunjua yote alifanya kama wafanyavyo wanawake wote wa Pwani, akashuka moja kwa moja chini kusoma jina. Limeandikwa KARIBU MOMBASA. Akaniuliza, "Amkaribisha nani?" Kisha akaenda kutafuta uzi ashone pindo.