Mama Nyuma ya Malkia

Anayetaka kuihakiki hadithi hana budi kuuliza kwanza: hadithi hii ni ya nani? Jibu si lazima liwe lile lililoandikwa katika jina lake. Sinema iitwayo Queen of Katwe, iliyotolewa mwaka 2016, yamtaja malkia katika jina lake. Malkia huyo ni Phiona Mutesi, binti maskini wa Katwe, mtaa wa Kampala nchini Uganda, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende hata akaiwakilisha nchi yake katika mashindano ya kimataifa. Wengi huitazama sinema hii kwa ajili ya ushindi wake. Mimi nakuomba, msomaji, uitazame kwa ajili ya mama yake.

Mama huyo ni Nakku Harriet, naye aigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzetu. Ni mjane anayelea watoto kwa biashara ndogo ndogo, na watoto wenyewe humsaidia kutembeza mahindi barabarani. Mwongozaji wa sinema ni Mira Nair, mzaliwa wa India aliyeifanya Kampala kuwa makazi yake. Mwaka 1988 alikwisha kutoa Salaam Bombay!, sinema juu ya watoto wa mitaani katika nchi yake ya kuzaliwa. Basi si mgeni wa mambo haya.

Kama wewe wakaa Tassia, huku Embakasi, mama huyu huhitaji kujulishwa. Ukishuka kutoka ghorofani asubuhi wamkuta kando ya njia akipanga nyanya na sukuma wiki. Ukirudi jioni wamkuta akigeuza mahindi juu ya makaa. Wampita kila siku. Kazi ya sinema njema ni kukufanya usimame umtazame.

Uzuri wa kwanza wa sinema hii ni kwamba haiuelezi umaskini kwa machozi, bali kwa hesabu. Kila shilingi ya mama ina mahali pamoja tu pa kwenda; ikienda kwingine, pale pa kwanza pabaki tupu. Watazamaji wengi humkasirikia anapopinga watoto wake kwenda kucheza sataranji. Husema, mama huyu aua kipaji. Lakini fanya hesabu yake. Mtoto aliyeketi mbele ya ubao wa mchezo ni mikono miwili iliyopungua katika kazi, na chakula cha jioni chategemea mikono hiyo. Tena matumaini nayo yana gharama. Mtoto akifundishwa kutamani asichoweza kukipata, ni nani atakayemfariji siku ya kukosa? Ukali wa Harriet si ukosefu wa mapenzi. Ni mapenzi yaliyokwisha kuumizwa.

Na mama huyu huyu, binti yake anapotaka kusoma usiku, auza kitambaa anachokithamini ili yapatikane mafuta ya taa. Hatoi hotuba. Hapo Nyong'o astahili sifa kubwa, kwa kuwa huruma ya Harriet ameificha ndani ya ukali wake, nasi twaigundua wenyewe.

Uzuri wa pili ni jinsi sinema inavyoonyesha kwamba msiba wa maskini hauji peke yake. Mtoto agongwa na pikipiki. Ajali yafuatwa na gharama za hospitali, kisha jamaa nzima yafukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi, na baadaye mvua na mafuriko yawakuta pasipo kinga. Tajiri akipatwa na ajali huuguza jeraha. Maskini huuguza jeraha na nyumba pia.

Walakini uhakiki si kusifu tu. Watu wa Katwe katika sinema hii wazungumza Kiingereza karibu wakati wote, na Kiganda kimetiwa kidogo kidogo kama chumvi. Mama wa sokoni akigombana na mwanawe kwa lugha ya darasani, kitu fulani cha kweli hupotea. Kasoro kubwa zaidi imo katika mwisho. Mtoto ashinda, na mama apata nyumba. Hatumwonei kijicho, lakini mtazamaji aweza kuondoka akidhani kwamba dawa ya umaskini ni kuzaa mtoto hodari. Je, majirani wa Harriet, ambao watoto wao hawakushinda chochote? Katika Tassia yenyewe, mwezi wa Desemba 2019, jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu. Akili ya mtoto mmoja, hata iwe kali namna gani, haiwezi kuimarisha kuta za nyumba ya jirani.

Basi, msomaji, liweke mbele yako swali hili: kama Phiona angalishindwa, kazi ya mama yake ingalikuwa bure? Mwisho wa sinema hauthubutu kuliuliza. Lakini kile kitambaa kilichouzwa kimekwisha kulijibu. Harriet alikitoa kabla ya nyumba kupatikana, wala hakuwa na ahadi ya mtu yeyote kwamba atalipwa. Thamani ya tendo lile ilikamilika pale pale, sokoni.

Mwishoni waigizaji wasimama bega kwa bega na watu wenyewe waliowaigiza. Mtazame Harriet wa kweli anaposimama karibu na Nyong'o. Kisha, kesho asubuhi, umpitapo mama wa nyanya hapo kando ya njia, mwamkie kwa heshima. Usingoje kwanza kuuliza kama mwanawe amefaulu mtihani.