Karatasi Itoke Mbali, Fremu Ichongwe Kasulu

Mkazi wa Kasulu au Kibondo anayetaka kutundika sebuleni nakala nzuri ya mchoro dhahania huanza na swali la usafiri. Wauzaji wengi wa mtandaoni humshawishi anunue picha iliyokwisha kutiwa fremu. Kwa nyanda za juu za Kigoma huo ni ununuzi mbovu: kioo hakipendi buti la basi, na kikivunjika vipande vyake hukwaruza karatasi iliyolipiwa. Karatasi tupu, iliyoviringishwa ndani ya bomba gumu, hufika salama.

Chukua Composition VIII ya Wassily Kandinsky, ya mwaka 1923, iliyoko kwenye jumba la Guggenheim, New York. Ni duara, pembe na mistari tu. Turubai lake lina sentimita 140 kwa 201 hivi. Uwiano huo unakaribia ule wa karatasi ya A2, milimita 420 kwa 594, kwa hiyo mchoro huenea wote na kubakiza milimita chache tu upande mfupi. Muuzaji akileta nakala ya mraba, ujue kuna kilichokatwa.

Kisha ulizia faili itakayochapishwa. Kwa nukta 300 kila inchi, A2 hudai pikseli 4,961 kwa 7,016. Picha ya WhatsApp yenye pikseli 1,600 upande mrefu, ikitandazwa kwenye A2, haifikishi hata nukta 70. Picha ya harusi ikiwa na ukungu kidogo, bibi harusi bado atatambulika. Kwa Kandinsky, ukingo wa duara ndiyo picha yenyewe. Ukiota meno, umenunua karatasi chafu.

Wino uwe wa pigimenti, kwa kuwa ule wa kawaida hupauka upesi juani. Karatasi iwe ya pamba, isiyo na asidi.

Fremu ni kazi ya fundi wa mjini, na mninga unafaa sana. Ila mafundi wengi wamezoea vyeti na picha za viongozi, ambazo hubanwa moja kwa moja kwenye kioo. Msimu wa mvua unyevu hujikusanya hapo, wino ukagandamana na kioo, na kuibandua picha ni kuichana. Mwambie aweke kati ya picha na kioo kadi nene iliyokatwa dirisha. Picha ishikwe kwa utepe upande wa juu pekee: karatasi hutanuka na kusinyaa, na ikigundishwa pande zote hufanya mawimbi. Hadibodi ya nyuma isiiguse; iwekewe karatasi nyingine isiyo na asidi.

Mwisho, vibao viwili vidogo nyuma ya fremu, chini, huiacha mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite, na njia ya mchwa ionekane mapema.