Upasuaji wa Pili wa Pua ni Kazi ya Kurudisha

Mtu aliyepasuliwa pua kwa ajili ya sura, asiridhike na matokeo, humwendea daktari wa pili na ombi linalosikika jepesi: punguza hapa, nyoosha pale, malizia alichokiacha mwenzako. Ombi hilo linachukulia kwamba kazi ya kwanza iliishia njiani. Pua zinazorudi mezani mara nyingi zinasema kinyume chake. Kazi haikupungua, ilizidi. Kilichotolewa ni kingi kuliko ambacho pua ingeweza kukikosa ikabaki imesimama, na ndiyo sababu sioni maana ya kuupima upasuaji wa marekebisho kwa picha iliyochorwa kwenye kompyuta kabla ya siku ya kisu. Kipimo chake ni swali la malighafi: gegedu la kurudishia litatoka wapi? Daktari asiye na jibu hapo hana mpango, hata awe na mkono mwepesi namna gani.

Chanzo cha tatizo kimo katika namna fani yenyewe ilivyozaliwa. Kuunda upya pua iliyokatika ni ufundi wa kale; India waligeuza ngozi ya shavu, na baadaye ya paji la uso, karne nyingi kabla Ulaya haijajifunza. Kukata pua nzima yenye afya kwa sababu ya sura tu ni jambo la mwishoni mwa karne ya 19. John Orlando Roe wa Rochester, jimbo la New York, aliandika mwaka 1887 kuhusu kurekebisha ncha ya pua akipitia ndani ya tundu, na Jacques Joseph wa Berlin akaeleza mwaka 1898 jinsi alivyoipunguza pua kubwa. Wote wawili walikuwa wapunguzaji, na zana zilizofuata zikarithi tabia hiyo: misumeno midogo, patasi, tupa, vyote vikiingizwa kupitia tundu za pua huku daktari akitegemea vidole kuliko macho. Kwa miongo mingi hitilafu zilizojitokeza baadaye ziliwekwa kwenye hesabu ya kovu au ya bahati mbaya. Jack Sheen wa California ni miongoni mwa waliokataa maelezo hayo. Katika kitabu chake cha 1978, na zaidi katika makala ya 1984 kuhusu kujenga upya paa la kati la pua, alionyesha kwamba hitilafu nyingi zina sababu moja inayoonekana: kiunzi kimeondolewa, na ngozi imeporomoka juu ya pengo.

Inafaa kulitazama pengo hilo kwa karibu. Theluthi ya juu ya mgongo wa pua ni mfupa. Theluthi ya kati ni magegedu mawili ya pembeni, membamba, yaliyoshikana katikati na kiwambo, yaani ukuta unaozitenga tundu mbili. Ya chini ni ncha na mabawa yake. Nundu ambayo mtu huichukia kwenye kioo si mfupa mtupu. Sehemu yake kubwa huwa ni gegedu, na kuishusha kwa njia ya zamani maana yake ni kuikata ile sehemu ya juu inapounganika kiwambo na magegedu ya pembeni. Ni sawa na kuutoa mhimili wa juu wa paa la makuti ukatumaini pande mbili zitabaki zilipo. Hazibaki. Siku za mwanzo uvimbe huficha kila kitu na mgonjwa hufurahi. Uvimbe ukitulia, miezi ikipita, magegedu huteleza kuelekea ndani, na ukingo wa chini wa mfupa hujitokeza chini ya ngozi. Taa ikimulika kutoka juu huonekana kivuli cha herufi V iliyopinduliwa katikati ya pua. Kivuli hicho hakiondolewi kwa tupa, kwa sababu hakuna kilichozidi cha kusugua.

Pale pale penye kivuli ndipo pua inapokuwa nyembamba kuliko kote kwa ndani. Pembe kati ya kiwambo na gegedu la pembeni, kwa watu wa asili ya Ulaya ambao vitabu vingi viliandikwa kwa kuwapima wao, ni ya nyuzi 10 hadi 15 tu. Kanuni ya Poiseuille inasema mkondo ndani ya bomba laini hufuata nusu kipenyo kikipandishwa hadi kipeo cha nne, hivyo kupunguza nusu kipenyo kwa asilimia 10 kunaondoa takriban theluthi moja ya mkondo. Pua si bomba laini, na hesabu hiyo isichukuliwe kama kipimo chake, lakini inaeleza kwa nini milimita moja iliyoporomoka inaweza kumfanya mtu alale kinywa wazi. Kliniki hutumia kipimo cha mkono kinachoitwa cha Cottle: mgonjwa huweka kidole shavuni, huvuta ngozi kuelekea pembeni, kisha huvuta hewa. Pumzi ikifunguka ghafla, shaka huelekea kwenye mlango huo mwembamba. Kipimo hiki si hakimu, maana hata baadhi ya wenye pua zisizoguswa hupata nafuu wakivuta shavu. Hata hivyo kinaonyesha kwamba sura na pumzi zimeharibika mahali pamoja, na zitatengenezwa pamoja.

Dawa aliyoieleza Sheen ni vijiti viwili vya gegedu, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita moja au mbili na urefu wa kufika sentimita mbili na nusu au zaidi, vinavyopachikwa kimoja kila upande kati ya kiwambo na gegedu la pembeni ili kulisukuma nje na kulizuia lisirudi. Leo madaktari wengi hufanya kazi hiyo kwa njia ya wazi: mkato mdogo kwenye ngozi iliyo kati ya tundu mbili, kisha ngozi ya pua inainuliwa na kiunzi chote kinaonekana. Aurel Réthi wa Budapest aliipendekeza mwaka 1934, ikachukua miaka mingi kukubalika. Kwa upasuaji wa kwanza mtu anaweza kubishana kama kovu lile dogo lina haja. Kwa wa pili mabishano hayana uzito. Huwezi kushona kijiti mahali pake, kwa uzi unaopita katika tabaka tano, ndani ya pua iliyojaa makovu ya mtu mwingine, kwa kupapasa.

Gegedu zuri kuliko yote kwa vijiti hivyo ni la kiwambo chenyewe: limenyooka, ni gumu kiasi, liko karibu. Shida ni kwamba daktari wa kwanza mara nyingi ameshalichukua. Hata lilipobaki, haliwezi kuchotwa lote; lazima uachwe ukanda wa umbo la herufi L, walau sentimita moja kwa upana mgongoni na mbele, la sivyo pua nzima itabonyea. Sikio linatoa gegedu laini lenye kupinda kwa asili, linalofaa ncha na kingo za mabawa, lakini ukilitaka liwe nguzo linakuangusha. Kwa hiyo pua iliyoporomoka sana humpeleka daktari kwenye ubavu, kwa kawaida wa sita au wa saba. Hapo kuna ujazo wa kutosha na nguvu ya kutosha, pamoja na ukaidi wa pekee: gegedu la ubavu hupinda baada ya kuchongwa. Gibson na Davis walieleza sababu mwaka 1958. Tabaka za nje zina mvutano, na ukichonga upande mmoja tu unavuruga mizani, kipande kikajikunja kuelekea upande uliobaki. Wakashauri kuchonga kutoka katikati, kwa usawa pande zote. Ndiyo maana katika chumba cha upasuaji utaona vipande vilivyochongwa vikilazwa ndani ya bakuli la maji ya chumvi na kuachwa, huku daktari akiendelea na kazi nyingine. Baada ya nusu saa hivi anavitazama tena, na kilichopinda kinapewa kazi ambayo mpindo wake unafaa. Kifuani nako, kabla ya kushona, jeraha hujazwa maji na mtoa nusu kaputi husukuma hewa mapafuni. Mapovu yakitokea, utando wa pafu umetobolewa.

Kwa mgongo uliochimbika usiohitaji nguzo bali kujazwa, ipo njia ya kuukwepa mpindo kabisa. Onur Erol wa Istanbul alichapisha mwaka 2000 mbinu ya kukatakata gegedu vipande vidogo mno na kuvifunga ndani ya kitambaa cha selulosi kinachoyeyuka mwilini, akaipa jina la peremende maarufu ya kwao. Rollin Daniel na Jay Calvert wa California waliripoti mwaka 2004 kwamba kwa wagonjwa wao kitambaa hicho kiliondoka pamoja na gegedu lenyewe. Wakafunga vipande hivyo ndani ya utando wa msuli wa panja, na vikadumu. Erol aliendelea kutetea mbinu yake kwa matokeo yake. Naona upande wa utando una hoja nzito zaidi, kwa sababu rahisi kwamba ni nyama ya mgonjwa mwenyewe na haiuchokozi mwili kama kitu kigeni, ingawa nayo inadai mkato wa ziada juu ya sikio.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la mtu mwenye akili zake: kwa nini ubavu ukatwe kwa ajili ya pua, wakati zipo sindano za kujaza na zipo silikoni? Sindano hufunika kivuli, hilo ni kweli, na kwa shimo dogo zinaweza kutosha. Ila mishipa ya damu ya pua iliyopasuliwa haiko tena mahali vitabu vinapoichora, na dawa ya kujaza ikiingia mshipani inaweza kuua ngozi au, kwa nadra, kupofusha jicho. Isitoshe, sindano haifungui mlango wa hewa. Silikoni imetumika sana Asia ya Mashariki na wengi huishi nayo bila tatizo, hasa ngozi ikiwa nene na haijawahi kuguswa. Ngozi iliyokonda kwa upasuaji uliopita ndiyo isiyoistahimili: kipande kinaweza kusogea, kuambukizwa, au kutoboa na kutokeza nje.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana pingamizi lake, na nalipa uzito zaidi. Ngozi nene ya ncha, mifupa mifupi na mgongo wa chini vinafanya hesabu ya kupunguza iwe mbaya zaidi kwa pua nyingi za kwetu, kwani ngozi nene hainywei ikaufuata mfupa uliopungua. Hubaki juu ya uwazi, ikajaa kovu, ncha ikavimba. Hapo kurudisha kiunzi kuna mantiki kuliko popote. Lakini mkato wa ubavu hupita kifuani, na kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoota keloidi kwa urahisi, hali inayowapata watu weusi zaidi kuliko wengine. Mwenye historia ya keloidi kifuani au begani ana haki ya kudai sikio lijaribiwe kwanza, au akubali pua isiyofika alikotaka. Hoja yangu haivunjiki hapo, inapandishiwa bei.

Yapo marekebisho madogo yanayohitaji tupa tu, dakika chache na sindano ya ganzi, na nakubali kwamba daktari anayemwona kila mgonjwa kuwa mteja wa ubavu anauza zaidi ya anachotibu. Wapo pia ambao hakuna gegedu litakalowatosha: utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta takriban theluthi moja ya walioomba upasuaji wa pua wakiwa na dalili za wastani au kali za kutawaliwa na kasoro ya mwili ambayo wengine hawaioni. Hawa hawapaswi kufika mezani. Na anayefaa husubiri walau mwaka mmoja, kwa sababu kovu changa huvuja damu, hung'ang'ania, na huficha umbo halisi.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote hautoki kwa wanaorekebisha, unatoka kwa wanaopasua mara ya kwanza. Katika muongo uliopita Yves Saban wa Ufaransa na huyo huyo Daniel wamefufua mbinu iliyokuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20: nundu haikatwi, bali ukanda wa kiwambo unaondolewa chini yake na mgongo mzima unashushwa ukiwa umeungana. Wapinzani husema nundu hurudi kwa baadhi ya wagonjwa, na ni kweli hurudi. Ila pua hiyo ikirudi kwa daktari, paa lake la kati bado limeshikana, sehemu kubwa ya gegedu la kiwambo mara nyingi bado ipo, na kifua hakiguswi.