Fundi wa Hisabati na Fizikia

Funga jiwe dogo kwenye uzi wa mita moja, lining'inize kwenye msumari, livute kidogo pembeni, kisha liachie. Litakwenda na kurudi kwa sekunde 2 na ziada ndogo sana. Kila mwanafunzi wa michepuo ya fizikia na hisabati, PCM au PGM, nchini Tanzania analijua jaribio hili, na kanuni yake ameikariri: gawanya urefu wa uzi kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, chukua kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa pai mara mbili. Anaweka namba, anapata jibu, anapewa alama. Akifika chuo kikuu akachukua hisabati na fizikia kwa uzito sawa, kama wafanyavyo wengi wanaosomea ualimu wa sayansi, jiwe lilelile humrudia likiwa na mambo ambayo hakuyashuku. Kadiri ninavyowatazama vijana hawa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hawasomi masomo mawili yaliyobanwa kwenye ratiba moja. Wanajifunza ufundi unaojitegemea, na ufundi huo unastahili kusifiwa taratibu, hatua kwa hatua.

Tuanze na vipimo. Urefu wa uzi ni mita. Mchapuko ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Tunachotafuta ni sekunde. Ukigawanya urefu kwa mchapuko, mita zinafutana na kubaki sekunde za kipeo cha pili. Chukua kipeuo chake, umefika. Tungamo la jiwe halina pa kuingia, maana hakuna kilo nyingine ya kuifuta kilo yake. Mistari mitatu tu ya daftari, bila kutatua mlinganyo wowote, na karibu kanuni yote imeshapatikana. Imebaki ile pai mara mbili, na hiyo vipimo haviwezi kuitoa hata ukivikamua usiku kucha. Inatoka upande wa hisabati: unaandika kani inayolirudisha jiwe katikati, unailinganisha na tungamo mara mchapuko kama alivyofundisha Newton, na unautatua mlinganyo unaozaliwa hapo. Nawaheshimu sana wahadhiri wanaoonyesha njia zote mbili siku moja ubaoni, kwa kuwa hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake kila somo linaishia wapi.

Vipimo havioni pia pembe, kwa sababu pembe haina mita wala sekunde. Na kwenye pembe ndiko kazi iliko. Mlinganyo wa kweli wa jiwe hili una saini (sine) ya pembe ndani yake, na ukiwa hivyo hautatuliki kwa kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo saini inaondolewa, pembe yenyewe inawekwa mahali pake, kwa maelezo kwamba pembe ikiwa ndogo vitu hivyo viwili vinakaribiana. Sekondari wanafunzi huambiwa hivyo wakaandika. Fundi anauliza: vinakaribiana kwa kiasi gani?

Hisabati inajibu bila kusitasita. Jiwe likiachiwa kutoka nyuzi 5, kanuni ya darasani inakosea kwa takriban asilimia 0.05. Likiachiwa kutoka nyuzi 30, inakosea kwa takriban asilimia 1.7. Sasa zamu ya fizikia kuuliza swali lake: je, mkono wangu unaweza kuiona tofauti hiyo? Kidole kinachobonyeza stopwochi huwahi au huchelewa kwa kama sehemu ya tano ya sekunde. Ukipima mwendo mmoja wa sekunde 2, hilo ni kosa la asilimia 10, na hapo hujui lolote. Ukilisubiri jiwe liende na kurudi mara 20, kosa lilelile la kidole linasambaa kwenye sekunde 40, linakuwa nusu ya asilimia. Linganisha. Kwa nyuzi 5, kosa la kanuni ni dogo mara kumi kuliko kosa la kidole, liache, halitakudhuru. Kwa nyuzi 30 limelizidi la kidole mara tatu, ukiliacha umedanganya. Sijui mahali pengine katika elimu ya shahada ya kwanza ambapo kijana wa miaka 20 anafundishwa kwa ukamilifu namna hii kupima ukubwa wa kile alichoamua kukipuuza.

Maabara ina somo lake, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwanafunzi anatundika gololi ya chuma badala ya jiwe, anabadilisha urefu wa uzi mara kadhaa, kisha anachora grafu ya kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu. Kwa mujibu wa kanuni, nukta zijipange kwenye mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri. Zinajipanga vizuri, ila mstari unakataa kupita kwenye sifuri. Ukiurefusha nyuma unaukata mhimili wa urefu kwenye sentimita 1 upande wa hasi. Mwenye haraka ataulazimisha upite sifuri apate kuondoka. Fundi anarudi mezani kuitazama gololi. Kipenyo chake ni sentimita 2, na yeye alipima uzi hadi pale ulipofungwa juu ya gololi, ilhali mlinganyo unahesabu hadi katikati yake. Sentimita aliyoiacha kwenye rula imetokeza kwenye karatasi. Tena mteremko wa mstari haukuharibika hata kidogo, kwa kuwa kosa lilikuwa lilelile kwa kila urefu, na mteremko ndio unaotoa thamani ya mvutano. Kwa hiyo jibu lake ni salama, na sasa anajua kwa nini ni salama. Hesabu imemsimulia alichofanya mkono wake.

Thamani yenyewe ya mvutano si jambo dogo kwetu tunaoishi kandokando ya ikweta. Mwaka 1672 Jean Richer alitumwa kutoka Paris kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, kuangalia nyota na sayari. Saa yake, iliyoendeshwa na fimbo inayobembea kama jiwe letu na iliyokuwa sahihi Paris, ilichelewa huko kwa kama dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi aifupishe fimbo hiyo. Wapo waliodhani ni joto limerefusha chuma. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alilichukua kosa hilo dogo la saa kama ushahidi kwamba mvutano ni hafifu zaidi karibu na ikweta, na kwamba dunia inayozunguka lazima iwe imetuna kiunoni. Leo tunajua kitovu cha dunia kiko mbali zaidi na uso wa ikweta kuliko na ncha zake kwa takriban kilomita 21. Cayenne iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, Mombasa karibu nyuzi 4 kusini, zote mbili ufukweni. Saa ile ingechelewa Mombasa vilevile. Mwanafunzi wa pwani yetu anaweza kulipima umbo la dunia kwa uzi, chuma na uvumilivu, mradi awe amejifunza kulisoma kosa.

Mwaka wa tatu mambo yanapanda ngazi, na mfano mzuri ni uzi wa ganuni, ile ala ya taarabu. Mwaka 1747 mwanahisabati d'Alembert aliuandikia mlinganyo uzi unaotetema. Mwaka 1753 Daniel Bernoulli akadai kwamba mtetemo wowote wa uzi ni mkusanyiko wa mitetemo sahili: ya uzi mzima, ya nusu, ya theluthi, ya robo, na kuendelea. Alikuwa akisikiliza sauti. Euler na d'Alembert hawakukubali kwamba kila umbo laweza kujengwa hivyo. Mwaka 1807 Joseph Fourier akalirudisha wazo hilo akichunguza joto, Lagrange akalipinga, na ni hadi 1829 ambapo Dirichlet alithibitisha ni kwa masharti gani linasimama. Miaka 76 kutoka sikio la Bernoulli hadi uthibitisho. Katika darasa la fizikia mwanafunzi anautumia mkusanyiko huo bila kuulizwa lolote, na anapata majibu sahihi. Katika darasa la hisabati, pengine wiki hiyohiyo, anazuiwa kuugusa mpaka aonyeshe kwamba una kikomo. Wengi huona huku ni kuvurugwa. Mimi naona ndiyo malezi yenyewe, kwa sababu anajifunza lini aamini sikio lake na lini adai hati.

Sitasema ni shahada nyepesi. Idara mbili hazipangi ratiba kwa kushauriana kila mara, na mara nyingi fizikia inadai zana ambayo hisabati itaifundisha muhula ujao. Mwanafunzi anajifundisha usiku kile alichohitaji mchana. Wanaovumilia wanaingia madarasani, kwenye benki, kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwenye mitambo ya umeme, na wale wanaoingia madarasani ndio ninaowahitaji zaidi: mwalimu mmoja wa aina hii anaweza kuwashika kidato cha tano na cha sita kwa masomo yote mawili bila kuwaambia wakariri.

Kama una mdogo wako au mwanao anayejaza maombi ya chuo mwaka huu na anayapenda yote mawili, usimshauri aache moja apate kupumua. Mwambie ajaze yote, na kabla ya kuchagua chuo aulize maabara yake iko wazi kwa wanafunzi saa ngapi.