Gunia Moja la Mlima Elgon

Kwenye tawi moja la mbuni matunda hayaivi kwa pamoja. Yapo mabichi, yapo yaliyoanza kugeuka manjano, na katikati yao yapo mekundu kabisa, yale ambayo ukiyabana kwa vidole hutoa majimaji matamu. Hayo mekundu ndiyo anayoyafuata mchumaji. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, mchumaji huinamisha tawi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hulizungusha tunda mojamoja mpaka lijiachie lenyewe, bila kulichubua tawi. Kukwanyua yote kwa mkupuo kungemaliza kazi mapema. Hafanyi hivyo. Atarudi kwenye mti huohuo baada ya wiki moja au mbili, na atarudi tena, hadi msimu uishe.

Wachumaji hao ni Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Wayahudi wa huku huitwa Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, na iliyokatazwa kuabudu hadharani enzi za Idi Amin. Mmoja wao, mkulima na mwanamuziki J.J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akashuhudia shambulio la majengo ya World Trade Center. Aliporudi kijijini alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake wa dini nyingine, akiwaomba wauze kahawa yao pamoja. Mwaka 2004 wakaunda chama cha ushirika, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na uongozi wakaugawana kati ya dini zote tatu. Mengi yameandikwa juu ya upatano wao, hata filamu imetengenezwa. Mimi napenda kuutazama kupitia mikono yao, kwa sababu kahawa ya kuoshwa kama yao, ile inayomenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa, haimvumilii mtu mwenye haraka.

Matunda yaliyochumwa asubuhi yanatakiwa kumenywa siku hiyohiyo. Kwanza humwagwa kwenye maji. Yaliyojaa huzama, na yale mepesi, yaliyotobolewa na wadudu au yasiyo na punje, huelea yakaenguliwa na kuwekwa kando. Kisha huja mashine ya kumenyea, inayozungushwa kwa mkono. Ndani yake mna ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye vinundu, na kazi yake ni kulisukuma tunda kwenye nafasi nyembamba mpaka ganda jekundu litoke upande mmoja na buni upande wa pili. Ustadi uko kwenye nafasi hiyo. Ikiwa pana, maganda hupita pamoja na buni. Ikibana sana, vinundu hukata buni, na buni iliyojeruhiwa huoza mapema. Ndiyo maana mwenye kuijua mashine hupitisha kwanza matunda machache, akaziokota buni, akazigeuza kwenye mwanga, akakaza skrubu kidogo, akajaribu tena. Mwingine anamimina maji polepole wakati mkono unazunguka. Mwendo ni uleule mwanzo hadi mwisho.

Buni iliyomenywa huwa imefunikwa na utelezi unaong'ang'ania, ambao maji peke yake hayautoi. Hapo inabidi kungoja. Buni huwekwa kwenye chombo na kuachwa ichachuke, kwa saa 12 au zaidi ya 30, kutegemea baridi ya usiku ule na mwinuko wa shamba. Mkulima hasomi saa tu. Hutia mkono ndani, akachota konzi, akaosha na kusugua. Buni ikiwa bado hutelezana kimya. Ikiwa tayari hukwaruzana viganjani kama kokoto za mtoni, na sauti yake husikika. Akiwahi, utelezi unaobaki utaivuruga kahawa juani. Akichelewa, buni huingia harufu mbaya isiyotoka tena, hata kwa kukaangwa. Mara nyingi wakati huo huangukia usiku wa manane, naye huamka.

Baada ya kuoshwa kwa maji safi mara kadhaa, buni hutandazwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite chini na juu. Kwa wiki moja hadi mbili, au zaidi mawingu yakitanda, hugeuzwa mara kwa mara kwa mkono, hufunikwa jua likiwa kali lisipasue ganda la ndani, na hufunikwa tena jioni umande usiingie. Na kila mkono unapopita huchagua: iliyovunjika, nyeusi, yenye kipande cha ganda. Unyevu ukishuka hadi asilimia 11 au 12, buni huwa ngumu, na jino halizami kirahisi. Kufikia hapo, na baada ya ganda la mwisho kukobolewa, kilo tano au sita za matunda zimezaa kilo moja ya kahawa.

Hapa ndipo ninapouona ushirika wenyewe. Buni ya nyumba nyingi humiminwa kwenye gunia moja. Konzi ndogo iliyovundikwa kupita kiasi huweza kuharibu ladha ya kahawa nzima, na mwenye kuionja ng'ambo hatajua imetoka kwa nani. Anayemimina yake humo anaiweka kazi yake yote mikononi mwa jirani anayesali siku nyingine, akiamini kwamba naye aliamka usiku kutia mkono kwenye chombo.

Soko nalo lilitafutwa kwa uvumilivu wa namna hiyohiyo. Laura Wetzler wa shirika la Kulanu la Marekani alipiga simu kwa wakaangaji wengi, wakikataa mmoja baada ya mwingine, mpaka Paul Katzeff wa kampuni ya Thanksgiving Coffee, mjini Fort Bragg, California, akakubali kuinunua. Wakulima hawakupewa sadaka, bali mnunuzi wa bei ya haki. Nauheshimu sana msaada wa aina hii, unaoijua thamani ya kazi ya mtu na kuilipa.

Magunia yakishateremshwa kwenda pwani kupakiwa melini, mkulima hurudi shambani na mkasi wa kupogolea. Hukata matawi yaliyochoka, hupunguza machipukizi yanayosongamana, huacha machache yaliyo imara, kisha hutandaza majani ya migomba kwenye mashina kuhifadhi unyevu. Mche mpya atakaoupanda leo utamtaka angoje miaka kama mitatu kabla ya kumpa tunda la kwanza.